Mkubwa Wake kwenye Karatasi

Tangu nipate kazi Molo, watu wa kanisani kwetu Nakuru hunitafuta baada ya ibada niwape ushauri. Huyu ana kijana aliyemaliza chuo na sasa analala mpaka saa nne. Yule mume wake amesimamishwa kazi. Mwingine ni yeye mwenyewe, amechoka kupeleka barua ofisi hadi ofisi na kurudi na vumbi la viatu. Wananizunguka pale karibu na tangi la maji, nami nawaambia yale yale: piga nguo pasi, fika mapema, usiwaseme vibaya wale uliowafanyia kazi, barua isizidi ukurasa mmoja. Wanatikisa vichwa, wengine wanaandika kwenye simu. Nikiwa pale najiona kama mwizi anayewafundisha watu kufunga milango, lakini sijawahi kukataa, maana nikikataa wataniuliza kwa nini.

Jinsi nilivyoipata kazi yenyewe sijamwambia mtu. Nitaieleza hapa, hata zile sehemu ambazo ningependa kuziruka.

Kabla ya Molo nilifanya kazi miaka minne kwenye kampuni ya viazi vya mbegu, upande wa viwandani hapa Nakuru. Viazi vilishuka kwa lori kutoka Mau Narok na kwingineko huko juu, sisi tukavichambua mezani kwa ukubwa na kwa afya, vikatiwa kwenye magunia, vikauzwa kwa wakulima. Siku yangu ya kwanza nilijua viazi vya kukaanga tu. Waliniweka meza moja na mwanamke aliyekuwa amenitangulia kwa miaka mitatu, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alinionyesha kiazi kilichoanza kuwa kijani, kilichochomwa na baridi, kilichotobolewa na mdudu. Zaidi ya yote alinifundisha kukata kiazi katikati, kukiminya kwa vidole gumba viwili, na kungoja. Kikitoa ute mweupe kwenye lile duara la ndani, basi kina ugonjwa wa mnyauko, na gunia zima linawekwa kando, kwa sababu mkulima akikipanda shamba lake limekwisha.

“Hesabu hadi ishirini,” alikuwa akiniambia. “Usiharakishe kusema ni kizima. Kuna zingine hukaa hivi, halafu zinatoa.”

Basi tukawa tunahesabu, yeye kimoyomoyo, mimi kwa midomo. Kwa cheo tulikuwa sawasawa, makarani wa kuchambua, na juu yetu alikuwako meneja mmoja tu. Kwa ujuzi hatukuwa sawa hata kidogo. Nilikuwa namshinda kitu kimoja: Kiingereza cha kuandika. Ripoti za wiki aliniachia mimi, na mimi nikamwachia viazi vyenye mashaka, na tukakaa hivyo miaka minne bila kununiana.

Asubuhi moja tulikuta lango limefungwa kwa kufuli jipya, na karatasi imebandikwa. Kampuni imefungwa. Askari wa lango alikuwa amesimama nje pamoja nasi. Tulipomuuliza akasema, “Hata mimi nimesoma tu hapo kama nyinyi.” Simu ya meneja haikupatikana siku hiyo wala wiki hiyo. Baadaye ilianza kupatikana tena, ila aliyeishika alikuwa mama mmoja wa Eldoret aliyenunua laini hiyo dukani, na ambaye alichoka upesi kuulizwa habari za viazi.

Sitaeleza miezi iliyofuata kwa kirefu. Aliyewahi kupiga lami akitafuta kazi anaijua, na ambaye hajawahi nisimtishe. Mume wangu alikuwa na vibarua vya hapa na pale, na tulikuwa na wasichana wawili shuleni. Mwenzangu aliishi Kaptembwo na mama yake mzee na mtoto wake mmoja, na mwanamume hakuwako. Tulisali kanisa moja. Kila Jumapili mchungaji alisema wanaotafuta kazi wasimame waombewe, na sisi wawili tulisimama bega kwa bega. Jumapili ya nne au ya tano nilianza kuona haya, nikawa natazama viatu vyangu. Yeye alitazama mbele.

Ndipo kanisa likaleta mshauri wa mambo ya kazi, Jumamosi mchana, bure. Alikuwa kijana wa Nairobi mwenye viatu vya kahawia vilivyochongoka, na alitembea mbele yetu akizungusha kalamu. Alisema mengi, mimi nikashika mawili. La kwanza ni kwamba waajiri hawataki refarii, yule mtu wa kuulizwa habari zako, awe rafiki au mchungaji peke yake. Wanamtaka aliyekuwa msimamizi wako pale ulipotoka. La pili, usimwambie mtu mahali unapoomba kazi. “Kaa nayo kwa tumbo,” alisema. “Watu wana macho.” Ukumbi mzima ukaitikia.

Mwenzangu akainua mkono. “Na kama supavaiza hapatikani?”

“Mtafute,” kijana akasema, na watu wakacheka.

Tulitoka pale tukanunua mahindi ya kuchoma, tukakaa kwenye ukingo wa mtaro kuyala. Hapo ndipo nilipolitoa lile wazo, na ningependa ieleweke kuwa lilitoka kwangu. Nilimwambia kampuni imekufa, meneja amepotea, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema tulifanya kazi pale isipokuwa sisi wenyewe. Kwa hiyo kwenye CV yangu nimwandike yeye kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Kwenye yake aniandike mimi kuwa msimamizi wake. Akipigiwa simu kunihusu atanisifu, nikipigiwa kumhusu nitamsifu.

“Huo ni uongo,” akasema.

“Uongo gani? Si utasema tu vile nilifanya kazi?”

“Nitasema mimi ni mkubwa wako na mimi si mkubwa wako.”

Nilimbembeleza. Nilimtajia mama yake na mtoto wake. Mwishowe akakubali, ila kwa sharti moja: tusiombe kazi mahali pamoja, hata siku moja. Karatasi zetu zikikutana kwenye meza moja, kila mmoja ni mkubwa wa mwenzake, tutakuwa kichekesho. Nikasema hilo halina shida. Tukapeana mikono yenye masizi ya mahindi.

Tulifanya mazoezi pia. Alikuwa akinipigia mchana, anabana pua, anasema kwa sauti nzito, “Hallo, tunaomba kuuliza kuhusu mfanyakazi wako wa zamani. Ulimsimamia kwa muda gani? Alikuwa mtu wa aina gani?” Nami najibu kwa Kiingereza cha ofisini mpaka anashindwa na kuangua kicheko. Zamu yake ikifika hakuweza kabisa. Kila nikimuuliza alikuwa na cheo gani, alisema, “Aki hapo ndio naona aibu.” Na kwa miezi yote hiyo hakuna mwajiri aliyetupigia, si yeye, si mimi. Barua zilikwenda, hazikurudi.

Habari za Molo alizileta yeye. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akituletea viazi zamani alikutana naye barabarani, akamwambia kuna ghala jipya la mbegu Molo, wanatafuta mtu mmoja wa kuongoza meza ya kuchambua, na bado hawajatangaza. Alifika kwangu mchana uleule, jasho limemtoka, kitambaa kimelegea kichwani. Alitaka nimwandikie barua. “Yangu ikisomwa inakaa ya mtoto,” alisema. “Wewe unajua kupanga.”

Tukaenda saiba, duka la kompyuta lililo karibu na kwangu. Yeye alikaa kando yangu akinieleza, mimi nikipiga chapa. Nakiri kwamba niliiandika kwa moyo wangu wote. Niliweka miaka yake saba. Niliweka jinsi anavyoutambua ugonjwa kabla haujaonekana kwa nje. Niliweka sentensi moja inayosema amewafundisha wengine kazi hiyo hadi wakaiweza. Aliisoma yote kwa kufuata na kidole kwenye kioo cha kompyuta, polepole, kisha akaniuliza, “Huyu kweli ni mimi?”

“Ni wewe,” nikamwambia.

Ilikuwa kweli. Tukaituma, akanishika mkono, akarudi kwake kwa miguu.

Kesho yake nilirudi saiba ileile kuchapisha kazi ya shule ya binti yangu. Nilipewa kompyuta ileile. Barua ilikuwa bado pale, hatukuwa tumeifuta. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisitasita, na ukweli ni kwamba sikusitasita sana. Nilijiambia kwamba mshauri alisema tukae na mambo yetu tumboni, na yeye ndiye aliyekosea kunieleza. Nilijiambia kwamba yeye Kiingereza kingemshinda kwenye mahojiano, kwa hiyo ni afadhali nafasi ije kwa mmoja wetu kuliko iende kwa mtu wa mbali. Nilijiambia kwamba marefarii hawapigiwi simu, kwani nani amewahi kutupigia? Nikabadilisha jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Miaka saba nikaiandika minne, maana hata mwizi ana mahali anapoona haya. Mengine yote niliyaacha kama yalivyokuwa, pamoja na ile sentensi inayosema nimewafundisha wengine kazi.

Nikaambatanisha CV yangu, ambayo ilimtaja yeye kuwa msimamizi wangu, nikaituma.

Walinipigia baada ya siku chache niende Molo kwa mahojiano. Wiki hiyohiyo mwenzangu aliniuliza tukitoka kanisani, “Molo bado wamenyamaza. Wewe hujasikia mahali popote?” Nikasema bado. Nauli ya Molo ilikuwa kwenye mkoba wangu wakati nikisema hivyo, nimeikunja ndani ya leso.

Molo kulikuwa na ukungu mpaka karibu na saa sita. Waliniketisha mbele ya meneja na msichana wa ofisi ya wafanyakazi, wakaniuliza maneno machache, kisha meneja akachukua kiazi kutoka kwenye kreti akanipa na kisu. Nikakata katikati. Nikaminya kwa vidole gumba viwili. Nikaanza kuhesabu. Meneja akasema, “Naona ni kizima,” nikamwambia asubiri kidogo. Nilipofika kumi na saba, ute ukaanza kutoka. Waliangaliana, na mimi nikajua nimeipata.

Ilibidi nimwambie. Nilimpigia simu kwa sababu usoni nisingeweza. Nilisema nina jamaa Molo ambaye alinitajia kwa bahati, nikaenda tu kujaribu, nikashangaa wamenichukua. Maneno yalinitoka mengi kuliko yaliyohitajika. Upande wa pili nikasikia mama yake akikohoa.

“Hongera,” akasema. “Huko ni baridi. Nunua sweta nzito, hizi za Nakuru hazitakusaidia.”

Nilikata simu nikiwa na furaha, sitadanganya. Nilidhani nimepita.

Kanisani kwetu aliyepata kazi hutoa ushuhuda. Haiwezekani uwe umeombewa miezi hiyo yote halafu ukapokea kimyakimya, watu wataona unamwibia Mungu sifa. Jumapili iliyofuata nikaitwa mbele, nikapewa maikrofoni. Nikasema Mungu amenifungulia mlango ambao sikuujua. Nikasema nilikuwa nimekata tamaa, na yeye akanikumbuka. Watu wakapiga makofi. Mwenzangu alikuwa safu ya tatu, pale tulipozoea kusimama pamoja, safari hii amesimama peke yake. Ndiye aliyeitikia “Amina” kwa sauti kubwa kuliko wote, na nilimwona akiinua mikono yake yote miwili. Nikamwonea huruma kidogo, huruma ya mtu aliyeshiba, nikarudi kukaa.

Nilikuwa na mwezi na nusu hivi kazini nilipojua alichokuwa akikiitikia.

Ilikuwa wakati wa chai ya saa nne. Yule msichana wa ofisi ya wafanyakazi ni mcheshi, hupenda kuja kukaa nasi chini kwenye magunia na kikombe chake. Siku hiyo tulikuwa tukizungumzia watu wanavyodanganya wakitafuta kazi, vyeti vya kununua na mengine.

“Na wewe madam karibu ukose hii kazi,” akaniambia akicheka. “Kuna mama mwingine wa kampuni yenu ya zamani alituandikia. Barua zenu zilikuwa sawa, neno kwa neno! Yeye amesema wewe ndio ulikuwa supavaiza wake, wewe umesema yeye ndio alikuwa supavaiza wako. Bosi alitaka kutupa zote mbili. Nikasema wacha nipige simu kwanza.”

“Ukampigia nani?” nikauliza.

“Yeye. Yake ndio ilikuja kwanza. Nikamsomea zote mbili, nikamuuliza, mama, nani hapa anatubeba ujinga? Akanyamaza, nikafikiri amekata. Halafu akasema, ‘Mimi. Hiyo barua ni yake, mimi niliichukua nikaweka jina langu. Lakini ni ukweli nilikuwa mkubwa wake, na huyo anajua kazi. Mchukueni.’ Imagine! Mtu anakiri hivyo. Bosi akasema basi tuite huyu mwingine.”

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kicheko hicho ndicho ninachokumbuka zaidi ya barua, zaidi ya ushuhuda. Nilicheka na mandazi mdomoni, nikasema, “Watu kweli,” nikamaliza chai yangu na kurudi mezani.

Mchana kutwa nilikuwa najua kile kimya chake alipopigiwa simu na Molo kilikuwa nini. Alikuwa akihesabu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda kwa meneja saa ileile nikasema yote. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho nikasema baada ya mwisho wa mwezi. Wasichana walikuwa wamerudi shuleni na mume wangu alikuwa ameanza kutabasamu mezani. Mwenzangu nikaanza kumkwepa. Kanisani nilichelewa kuingia na kuwahi kutoka, simu zake nilizipokea nikiwa “kwenye mkutano”. Sisi watu wa ghala tuna mikutano gani? Aliacha kupiga.

Mwishowe nilikwenda Kaptembwo siku ya Jumamosi. Nilibeba sukari, majani ya chai na mkate, kama inavyompasa mgeni. Mama yake akanielekeza sokoni. Nilimkuta nyuma ya vibanda, ameinama juu ya rundo la viazi vya mfanyabiashara mmoja, anachambua kwa kibarua cha siku. Vikubwa huku, vidogo kule, vilivyooza kwenye ndoo. Aliinua macho, akaniangalia mimi, akaangalia mfuko.

“Leo umekuja na shopping kama mtu anataka kuomba kitu,” akasema.

“Ulijua,” nikamwambia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima, lakini ndilo neno lililotoka.

“Nilijua siku ile walinipigia. Huyo msichana alinisomea yote. Hata hakuwa amemaliza laini ya kwanza.”

“Sasa mbona ukasema wewe ndio uliiba?”

Hakuacha kuchambua. Mikono yake iliendelea kama mikono ya mtu anayezungumzia mvua. “Ningesema nini? Ningesema ukweli wangetupa sisi wote. Hapo ilikuwa mtu mmoja atapata ama hakuna. Na wewe ulikuwa umeshachagua ni nani.”

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angenitukana, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Machozi yakaanza kunitoka pale katikati ya magunia, na wanawake wa kibanda cha jirani wakageuka kutusikiliza.

“Usinililie hapa,” akasema. “Hii ni kazi ya watu.”

Nikajifuta. Nikamwambia Jumatatu nitakwenda kwa meneja, nitasema barua ilikuwa yake, nitasema ni yeye aliyenifundisha. Hapo ndipo alipoacha viazi, akanyoosha mgongo.

“Wakufute ndio mimi nipate nini? Mimi nilishawaambia mimi ndio mwongo. Watanichukua mwongo juu ya mwongo? Wewe kaa hapo. Kuna watoto.” Akapangusa mikono kwenye leso yake. “Lakini ukipigiwa simu, shika. Usiniambie uko kwa mkutano.”

“Simu gani?”

“Ya kuniulizia. Bado jina lako liko kwa CV yangu.”

“Bado umeniandika?”

“Niandike nani? Yule mama wa Eldoret?” Nusura acheke. “Sina mwingine. Si ndio tulikubaliana? Wewe ni supavaiza wangu.”

Aliupokea mfuko akaniambia niupeleke kwa mama yake, yeye bado ana rundo la kumaliza.

Tangu siku hiyo simu yangu haikuzimwa mlio. Kule ghalani kuna sheria ya simu kukaa kwenye makabati, na mimi ndiye ninayepaswa kuisimamia. Ya kwangu ilikaa kwenye mfuko wa aproni, na walio chini yangu walikuwa wakinong’ona kwamba nina mpango wa kando. Kila namba nisiyoijua niliishika kabla haijalia mara ya pili. Wengi walikuwa watu wa bima. Mmoja alitaka kuniuzia kiwanja. Niliwasikiliza wote mpaka mwisho, kwa hofu kwamba huenda katikati ya bima angetajwa yeye.

Ilipolia kweli nilikuwa mezani, na kisu mkononi. Mzee mmoja wa sauti ya taratibu alisema anapiga kutoka shamba moja kubwa Mau Narok, wanakolima ngano na viazi, na wanataka mtu wa kuangalia mbegu. Akataja jina la mwenzangu. Akasema nimeandikwa kuwa niliyekuwa msimamizi wake.

Nilitoka nje kwenye ukungu. Maswali yalikuwa yale yale aliyokuwa akiniuliza amebana pua.

“Ulimsimamia kwa muda gani, madam?”

“Miaka minne.”

“Na ni mtu wa aina gani?”

Hapo sikuhitaji kutunga. Nilisema ni mwaminifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na mzee akasema mm, mm, kama watu wanavyosema wanapoandika. Nilianza kuona nafuu. Nilifikiri hivi ndivyo nitakavyomlipa, sasa hivi, kwa maneno haya.

“Kuna kazi hapa tulimpatia ya kujaribu,” mzee akasema. “Amekata kiazi, akaminya, akatusimamisha sisi wote tumngoje. Sijaona mtu akifanya hivyo kwa utulivu namna hiyo. Hiyo alijifunza kwako?”

Ningesema hapana, ni yeye aliyenifundisha mimi, mzee angeuliza vipi mdogo amfundishe mkubwa wake, na akivuta uzi huo ungefunguka mpaka Molo. Nilijua hilo. Nilianza kuhesabu na sikufika hata tano.

“Ndiyo,” nikasema. “Nilimfundisha mimi.”

“Basi ulimfundisha vizuri,” akasema. Akanishukuru, akakata.

Nilirudi mezani. Kiazi nilichokuwa nimekikata kilikuwa kizima.

Siku tatu baadaye, mchana, niliona ujumbe wake. *Wamenichukua. Naanza Jumatatu. Asante supavaiza.* Niliusoma nimesimama, nikausoma nimekaa. Nilitafuta kama ni utani wetu wa zamani au ni kunichoma, na maneno ni machache mno, hayasemi. Nilitaka kumjibu kitu kikubwa. Niliandika samahani, nikafuta. Niliandika kwamba nilimwambia mzee uongo mbaya kuliko ule wa kwanza, nikafuta pia, maana yeye alikuwa na haki ya kufurahi angalau siku moja bila mimi kumtwika mzigo wangu.

Mwishowe nikamwandikia hongera, huko ni baridi, nunua sweta nzito, hizi za Nakuru hazitakusaidia. Nilikuwa nimeshautuma nilipoona kwamba hata maneno hayo yalikuwa yake.